Maneno Mawili Niliyowaandikia Watu Saba

Shiru, kiti nimekuachia. Ukikikalia utasikia kinaegemea kushoto. Usijisumbue kukitengeneza, mafundi watatu wameshajaribu na mmoja wao ndiye aliyekiharibu. Printa nyeusi huvuta karatasi mbili kwa mara moja kukiwa na baridi, na baridi ya hapa Nyeri unaijua, kwa hivyo zipeperushe kwanza kwa kidole kabla ya kuziweka. Mambo mengine ya mashine utayajua mwenyewe. Umesoma kuliko mimi, na una macho mawili.

Hili ninaloliandika si la mashine. Juzi niliona kwa simu yako umehifadhi maneno ya programu za mazishi, hivi vijitabu vya ibada tunavyochapa, ukigusa mara moja yanajipanga yenyewe. La tatu kutoka juu ni "short illness", maradhi ya muda mfupi. Maneno hayo mawili niliwaandikia watu saba kwa wiki moja, na baadaye yakamtoa aliyewaua kizimbani, akaenda nyumbani kula chakula cha mchana. Nataka ujue yalifikaje kwa karatasi kabla hujayagusa tena.

Majina niyaseme mapema nisije nikaitwa mwoga. Muuzaji ni Githaiga, ambaye wengi tulimwita Mapema. Aliyemfunika ni Wachira Ngunjiri, naibu wa chifu wakati huo. Wa tatu nitamtaja nikifika kwake. Kijiji sikitaji. Kiko Kieni, si mbali na Chaka, na watu wake wamesemwa vya kutosha.

Nilitoka shule darasa la saba. Mtihani nilifanya, matokeo sikwenda kuyachukua, kwa sababu mwenye kuyachukua alitakiwa awe na mahali pa kuyapeleka. Nilikuja Majengo, mtaa wa hapa Nyeri, nikiwa kijana wa kubeba magunia, na huko ndiko Bi. Rukia aliponiona. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga, hatua chache kutoka msikitini, na ndani yake taipureta mbili na mashine ya kurudufu, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kuuma, akatafuta mkono wa mtu mwingine. Huo ndio uliokuwa usaili wangu: aliutazama mkono.

Siku ya kwanza nilizungusha mitihani ya shule tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Wino ulinifika kwenye kiwiko, nikanawa na mafuta ya taa, na mkate wangu wa saa saba ukanuka mafuta ya taa. Siku ya tatu akanikuta nasoma barua iliyokuwa mezani, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma kama mtu anayehesabu vigingi vya ua.

"Unasoma neno moja moja," akasema. "Kiingereza hakiendi hivyo, mwanangu. Tazama miguu yangu." Alikuwa amevaa makubadhi. Akavua moja, akaiweka mezani juu ya ile barua. "Hii peke yake itanifikisha wapi? Kila neno lina mwenzake. Usimvalishe mtu kubadhi huku na gambuti kule."

Ndipo akanionyesha daftari. Lilikuwa la jalada gumu jeusi, kila ukurasa umegawanywa kwa rula mara tatu. Safu ya kwanza neno, ya pili mwenzake, ya tatu sentensi nzima ambamo maneno hayo yalionekana yakitembea pamoja. Sharti lilikuwa moja: sentensi lazima uwe umeiona kwa macho yako, kwa gazeti, kwa barua, hata kwa paketi ya dawa. Ukiiona unaandika kwa kalamu. Ukiwa umesikia tu, unaandika kwa penseli na safu ya tatu inabaki tupu mpaka siku utakapoiona.

Hiyo ndiyo shule yangu, na sikuwa na nyingine. Kwetu mvua ni kubwa. Kwao ni nzito, "heavy rain", na sentensi yake ilitoka kwa barua ya mwalimu mkuu aliyekuwa akieleza paa la darasa lilikoenda. Kazi ya shule inafanywa lakini kosa linatengenezwa, "make a mistake", kama mtu anayetengeneza stuli. Homa haiwi kali, inakuwa juu, "high fever". Aliyelala fofofo huko kwao yuko mbio, "fast asleep", na hilo nilikataa kuliamini mpaka nikaonyeshwa gazeti. Sarufi sikufundishwa hata siku moja. Ukiniuliza kwa nini, sijui. Ninachojua ni nani hutembea na nani, kama mwenye duka anavyoijua barabara yake.

Mazishi yalianza kutulisha polepole. Mwanzoni ilikuwa karatasi moja, jina na saa ya ibada. Kisha mtu mmoja wa Ruring'u akataka historia ya marehemu iandikwe kwa Kiingereza isomwe kaburini, na baada yake hakuna aliyekubali kuzikwa na karatasi moja tena. Bi. Rukia alicheka sana. Kwao mtu akifa asubuhi, jioni ameshazikwa, na hakuna anayepewa kijitabu. "Nyinyi hata kaburini mwaingia na cheti," alikuwa akiniambia, huku akikunja kurasa kwa chini ya chupa.

Maneno ya mazishi yalikuwa na ukurasa wake kwa daftari. "Humble beginnings", mwanzo wa unyonge, hata kwa yule aliyezaliwa akakuta trekta nyumbani. "Happily married", ambayo nimewahi kuichapa wake wawili wa marehemu wakiwa wamesimama mbele yangu, kila mmoja akiangalia ukuta wake. "Active member", mshirika mwenye bidii kanisani, kwa mtu ambaye mchungaji aliomba picha yake mapema ili asije akakosea uso. Na hapo katikati, "short illness". Ukurasa huo wote ulikuwa wa penseli. Nilimuuliza Bi. Rukia kwa nini, na sisi tunayachapa kila wiki. Akasema sentensi zake hajaziona bado. Amezisikia tu.

Alifariki siku ya Jumatano kabla ya saa nne. Alasiri hiyo hiyo tulikuwa tumeshatoka makaburini. Nilirudi kwa chumba nikakaa mbele ya taipureta, na hakukuwa na kitu cha kuchapa. Mwanawe aliniachia taipureta moja na daftari.

Kompyuta zilikuja, nikahama Majengo nikapanda huku mjini, ukutani nikaandika kazi zote ambazo ningeweza kufanya na mbili ambazo singeweza. Wateja wakanizoea kwa jina la Karani. Zingatia mambo machache hapa. Majina ya watoto wa marehemu yasome kwa sauti mbele ya familia nzima, si mbele ya mmoja, kwa sababu huyo mmoja ndiye atakayemsahau mtoto wa mama wa kwanza. Omba kitambulisho uone herufi za jina. Ukiletewa picha iliyokatwa kutoka picha ya harusi, uliza kwanza ni harusi ipi. Na kila ukoo uko na mwalimu mmoja ambaye atafika siku ya mwisho na kalamu nyekundu. Mchapie nakala yake peke yake aisahihishe, atatosheka, kisha endelea na kazi.

Sasa lile jambo.

"Heavy" iko na wenzake wengi. Mvua, magari barabarani, na mnywaji, "heavy drinker". Hiyo ya tatu ilikuwa kwa daftari, kwa kalamu, na sentensi yake. Sijawahi kuichapa kwa programu ya mtu yeyote. Lakini nilikuwa nikiiishi kila Jumamosi, kwa Mapema, nyuma ya duka lake la chakula cha ng'ombe. Alipewa jina hilo kwa sababu alifungua kabla maziwa hayajachukuliwa. Alikuuliza habari ya watoto wako kwa majina yao huku akikupimia.

Nilikuwa nikikaa na Muriithi, rika langu, mkulima wa viazi. Muriithi alikuwa ameacha shule mapema kuliko mimi, na mchezo wake ulikuwa mmoja. "Karani, nipe ya leo." Nampa maneno mawili, anayatumia wiki nzima mahali yasipofaa. Wiki niliyompa "fast asleep" alimwambia mama mmoja wa Wang'uru, aliyekuja na mchele wa kuuza, kwamba viazi vyake viko fast asleep. Yule mama akanunua magunia mawili. Muriithi akaja kuniambia Kiingereza kina faida, mradi usikielewe.

Jumamosi hiyo tulikuwa kwa Mapema saa sita mchana. Kinywaji kilikuwa cheupe kama siku zote, kwa chupa ndogo ya plastiki. Hakikuwa na ladha tofauti. Wananiuliza mpaka leo kama nilisikia ladha tofauti. Mimi tumbo lilikuwa likiniuma tangu asubuhi, nikanywa nusu. Nusu iliyobaki nilimsogezea Muriithi. Alinishukuru.

Jumapili niliamka nikaona ukungu. Nikamuuliza dada yangu kwa nini leo mlima umetushukia mpaka ndani ya nyumba. Akaniambia ni saa nne na jua limewaka. Nilipelekwa hospitali nikiwa nimeshikwa mikono kama bibi harusi. Jicho la kushoto lilirudi, likiwa limechoka. La kulia halikurudi. Muriithi alifia nyumbani kabla gari halijapatikana. Walikuwa saba kwa jumla: wawili walifia hospitali, watano nyumbani. Mapema alikuwa ameosha kile chumba cha nyuma Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Alitumia maji ya matangi mawili. Kwa duka la chakula cha ng'ombe, huo ni usafi.

Alhamisi niliruhusiwa kutoka, na Jumatatu nilikuwa kwa hiki kiti kinachoegemea. Mteja wa kwanza alikuwa Wachira Ngunjiri. Hakuwa amefiwa. Alinipa pole ya macho, akavua kofia, akaketi pale unapoweka mkoba wako. Alisema familia ziko na aibu na mimi ni mtu wa kuelewa. Mchungaji ameshasema, karatasi ikiwa na neno pombe, yeye hatasimama kaburini. Watazikwa na wajomba kama waliojinyonga. Yeye Wachira fomu za waliofia nyumbani ameshajaza ili watu wapate kibali cha kuzika haraka, na ameandika maradhi ya muda mfupi kwa wote watano.

"Na wewe weka hivyo hivyo, Karani," akasema. "Karatasi zisipingane. Pia wewe ulikuwa hapo. Ikiandikwa pombe, watu wataanza kuhesabu nani alikuwa wa nane."

Hakunitisha. Alisema kama mtu anayekuonya kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Mimi nikaona ni kweli. Nilikuwa na dada aliyekuwa akiimba kwaya, na wateja walioniletea marehemu wao kwa heshima.

Jumanne wakaja familia moja moja. Wengine hawakuniuliza kitu. Walileta maneno yakiwa tayari. Saa saba akaingia Nyawira, mke wa Muriithi, pamoja na shemeji yake Mwangi, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Nyawira alikuwa amebeba picha ndani ya Biblia. Hakuketi.

"Andika pombe ya Mapema ndio imemuua," akaniambia.

Mwangi akamwambia, Mama Wangeci, hayo tumemaliza, mchungaji amesema. Nyawira hakumgeukia. Aliendelea kuniangalia mimi, hasa jicho lililofungwa bandeji.

"Karani, wewe ulikuwa hapo. Mimi Kizungu sijui. Hiyo maneno iko na Kizungu yake, ama haiko?"

Daftari lilikuwa mkono wangu wa kushoto, mezani. Kwa ukurasa wa herufi ya L, kwa kalamu, kulikuwa na "lethal brew", pombe ya kuua, na sentensi yake nzima, niliyoitoa kwa gazeti miaka ya nyuma ilipotokea kwingine: iliwaacha watu wanne wakiwa wamekufa. Niliijua mahali ilipo kama ninavyojua mfuko wa shati langu.

"Kizungu yake haikai vizuri, mama," nikasema. "Watu huandika short illness. Ni maneno ya heshima."

"Inasema nini?"

"Maradhi ya muda mfupi."

Akafikiri. "Muda mfupi ni kweli," akasema, na akanipa ile picha.

Aliyeipokea ndiye wa tatu. Josphat Gichuki, anayejulikana kama Karani, wa duka hili.

Nilichapa programu saba kwa siku tatu kwa jicho moja, uso ukikaribia kugusa kioo. "After a short illness", ukurasa wa pili, mstari wa tatu. Kwa ya kwanza niliandika herufi kwa herufi. Ya pili nikanakili. Kufikia ya saba sikuyaona tena. Yalikuwa yameshafika kabla yangu. Mchungaji alisimama kwa makaburi yote saba. Wachira alizungumza kwa matano, akaonya vijana juu ya afya zao.

Kesi ilichukua muda kama kesi zinavyochukua. Mapema alishtakiwa baada ya daktari aliyewapasua wale wawili kuandika alichoandika, na mimi nikaitwa shahidi, kwa sababu kati ya wanane waliokunywa kwa kile chumba nilikuwa wa pekee anayeweza kupanda kizimbani. Nilieleza Jumamosi, chupa, nusu. Nilieleza vizuri, nafikiri. Kisha wakili wake akainuka, kijana mpole, akaomba ruhusa kuweka kitu mezani. Zilikuwa programu saba. Moja bado ilikuwa na alama ya chai.

Akaniuliza kama nazitambua. Nikasema ni kazi yangu. Akaniomba nisome mstari wa tatu wa ukurasa wa pili, kwa kila moja. Nikasoma mara saba. Akaniuliza kwa nini familia saba ambazo hazikukaa kikao kimoja zimesema kitu kimoja, kama si kweli. Nikasema ndivyo huandikwa. Ndipo akauliza swali ambalo sikulitarajia, kwa sauti ya mtu anayesaidia.

"Umefanya kazi hii miaka mingi, mzee. Kama familia ingetaka iandikwe kwamba ni pombe iliyoua, ungeshindwa na Kiingereza chake?"

Mkalimani akarudia kwa Kiswahili, sauti ikafika mpaka nyuma. Nyawira alikuwa benchi la tatu. Nilikuwa nimeshaapa.

"Singeshindwa," nikasema.

Sikuangalia benchi la tatu. Nilisikia mtu akifunga Biblia.

Aliachiliwa. Wale watano wa nyumbani hawakuwa wamepasuliwa, fomu za Wachira zilisema maradhi, chupa hazikupatikana, na familia zenyewe ziliandika zilichoandika. Baada ya wiki mbili karani wa wakili alileta nakala ya hukumu hapa dukani nimtolee kopi. Nikaona kwa jicho langu "reasonable doubt", shaka yenye msingi, ikiwa ndani ya sentensi ndefu. Nikaiandika kwa daftari, kwa kalamu. Kisha nikarudi ukurasa wa mazishi. "Short illness" bado ilikuwa kwa penseli, na safu ya tatu tupu. Niliiacha hivyo. Sentensi saba nilikuwa nimeziona sasa, lakini zote ni mimi niliyezitengeneza.

Pombe niliacha, wala sitaki sifa. Nusu chupa ilitosha. Mapema alifungua tena duka lake, chakula cha ng'ombe upande wa mbele. Wachira alistaafu kwa sherehe, na programu ya sherehe ilichapwa hapa. Nilichapa "dedicated service", huduma ya kujitolea. Akisoma haya na aone nimemsingizia, duka analijua.

Kilichobadilika kwa kazi yangu ni kimoja. Kabla sijawasha kompyuta namuuliza mteja kwa lugha ya mama yake: alikufa na nini? Wakisema saratani, naandika saratani. Wakisema alijinyonga na hawataki iandikwe, siandiki chochote. Naandika tarehe tu. Tarehe haidanganyi mtu. Wengine hunikasirikia wakaenda duka la ng'ambo ya barabara, ambako maneno huja yakiwa yamepangwa. Ndiyo maana miaka hii ya mwisho umeona kazi za mazishi zikipungua na ukadhani ni kwa sababu ya jicho.

Mwaka huu Mapema alifariki. Alikuja binti yake, msichana mwenye adabu, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: "humble beginnings", "respected businessman", "short illness". Nikamuuliza baba alikufa na nini. Akasema ni sukari, miaka minne, mguu ulikatwa. Nikamwambia hiyo ni "long illness", na nikaiandika nikiwa na amani. Nikamuuliza ni biashara gani ya kuheshimika. Akaniangalia hili jicho, nikajua anajua mimi ni nani.

"Chakula ya ng'ombe," akasema.

Nikaandika kwamba aliuza chakula cha ng'ombe. Alisoma, hakubadilisha. Yeye hakuniuzia kitu, na sikuwa na neno naye.

Nadhani ni hiyo programu iliyomleta Nyawira. Tangu siku ya mahakama alikuwa akipita ng'ambo ya barabara, hata kukiwa na matope huko na huku kukiwa kukavu. Alhamisi ya wiki iliyopita akavuka. Wewe ulikuwa umeenda kununua katriji. Ile Biblia ni ile ile, imefungwa mpira. Akatoa ndani yake programu ya Muriithi, akaiweka juu ya kibodi, imefunguliwa ukurasa wa pili.

Alisema amesikia kwamba Mapema amezikwa na ukweli wake, miaka minne na mguu na yote. Amesikia pia kwamba naondoka. Nikamwambia nitamchapia nyingine mpya, yenye rangi, bila malipo, nina faili bado.

"Mpya nitaipeleka wapi?" akasema. "Watu walishaenda nyumbani. Rekebisha hii."

Nikatafuta kalamu. Nikakata yale maneno mawili kwa mstari mmoja wa rula, yasomeke bado, kwa sababu yalikuwapo. Pembeni nikaandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa kidogo, maana siku hizi ndogo zinaniteleza. Nilitumia ile ya ukurasa wa L. Niliandika kwamba Muriithi aliuawa na pombe ya kuua iliyouzwa na Githaiga, kwamba Wachira Ngunjiri aliandika vingine kwa fomu akijua, na kwamba Josphat Gichuki aliyajua maneno haya siku hiyo na hakuyatoa. Nikaweka sahihi. Haikukaa vizuri kwa ukurasa. Nafasi ya pembeni ilikuwa ndogo, ikabidi ipande juu mpaka karibu na picha.

"Soma," akasema.

Nikasoma.

"Sasa na Kiswahili."

Nikasoma kwa Kiswahili, polepole, jina langu likiwa la mwisho. Nilidhani nikifika hapo ataniambia kitu. Alikuwa akifuata mistari kwa kidole, ingawa Kiingereza hakijui, na kidole kilisimama kwa "brew".

"Ndio hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Ilikuwa wapi?"

Nikamfungulia daftari nikamwonyesha. Alitazama ule ukurasa kwa muda, kalamu yangu ya zamani na sentensi ya watu wanne wa kwingine. Akapuliza wino wa programu mpaka ukakauka, akaikunja pale pale ilipokuwa na mkunjo, akairudisha ndani ya Biblia, akafunga mpira.

Programu sita zilibaki. Tatu nimeshapeleka kalamu nyumbani kwao. Mbili walikubali, moja wakanipa chai na kuniambia wafu wapumzike. Kesho naenda ya nne, huko juu, asubuhi kukiwa na mwanga wa kutosha. Daftari nimekuachia kwa droo ya kushoto. Ukurasa wa mazishi bado ni wa penseli.